Wembe wa babu: kuutoa kutu, kuung'arisha na kuunoa nyumbani bila kuuharibu

mjukuu_wa_kinyozi

Waungwana, nawasalimu. Marehemu babu yangu alikuwa kinyozi hapa Tanga, na kwa miaka mingi alinyolea watu chini ya mkungu kabla ya kupata kibanda chake. Alipofariki tulikuta katika mkebe wake wa biskuti nyembe mbili za kukunja zilizoviringishwa kwenye kipande cha kaniki, brashi ya sabuni iliyokwisha manyoya, na ukanda wa ngozi uliokauka hadi ukapasuka. Nyembe hizo zilikaa humo zaidi ya miaka thelathini, na hewa ya pwani mnaijua: chuma kisichopakwa mafuta hapa hakimalizi masika mawili.

Nimefungua uzi huu kwa sababu nyembe hizo zilipita mikononi mwangu kwa njia mbili tofauti. Wa kwanza niliuharibu mwenyewe kwa alasiri moja. Wa pili nilihangaika nao kwa wiki tatu, na leo unanyoa ndevu. Ule wa kwanza nilianza kwa kuung'arisha, kwa kuwa nilidhani wembe mzuri ni wembe unaometa. Sasa nitaeleza kwa nini kung'arisha ni kazi ya mwisho kwa umuhimu, na pia kwa nini ndiyo kazi inayoua nyembe nyingi za zamani kuliko kutu yenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya sehemu za wembe. Kuna mgongo, ambao ni ule upande mnene, kuna makali, kati yake kuna mashavu mawili, ambayo katika nyembe nyingi yamebonyea kwa ndani, kuna shina, yaani sehemu isiyo na makali inayoingia kwenye mpini na ambayo huchapwa jina la kiwanda, na kuna mkia, ule uliopinda kwa juu ili kidole kipate pa kukaa.

Unapoulaza wembe juu ya jiwe la kunolea, mgongo na makali hugusa jiwe kwa pamoja. Kisu cha jikoni hutegemea mkono wa mnoaji kushikilia pembe, lakini wembe umeshapewa pembe yake kiwandani, na pembe hiyo imefichwa katika uwiano wa unene wa mgongo na upana wa bapa, yaani kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Wembe wangu una upana wa milimita 16 hivi na mgongo wa milimita 4.5 hivi, na hesabu yake inatoa pembe ya digrii 16. Mtu akiusugua mgongo kwa msasa mpaka akaondoa nusu milimita kwa ajili ya kuufanya uwe na sura nzuri, ameshabadilisha pembe ya makali bila kuyagusa. Akiyasugua mashavu karibu na makali, pale ambapo chuma ni chembamba kiasi cha kupindika chini ya ukucha, ameondoa kitu ambacho hakuna fundi wa kukirudisha.

Nyembe zangu zote mbili zimechapwa shinani maneno mawili yanayosomeka, «Solingen» na «Germany», na jina la kiwanda limeliwa na kutu. Solingen ni mji wa mafundi wa visu na nyembe huko Ujerumani, na tangu 1938 jina hilo linalindwa kwa sheria. Neno «Germany» kwa Kiingereza linaonyesha kuwa mali ilikusudiwa kuuzwa nje, kwani sheria ya Uingereza ya 1887 ndiyo iliyowalazimisha wenye viwanda wa nchi nyingine kuonyesha bidhaa zao zimetoka wapi. Mahasimu wakubwa wa mafundi wa Solingen walikuwa mafundi wa Sheffield, Uingereza, mji ambao Benjamin Huntsman alianza kuyeyushia chuma cha pua katika vyungu vya udongo miaka ya 1740. Nyembe za kale za Sheffield huwa na mashavu yaliyojaa, nzito kama kabari, ilhali za Solingen zimebonyezwa sana hadi ukizigonga kwa ukucha hulia. Ninataja jambo hilo kwa sababu moja tu ya kazi: wembe uliojaa huvumilia makosa ya mtu anayejifunza, na uliobonyea hauvumilii. Mimi nilirithi uliobonyea.

fundi_tupa

Mkuu, hongera kwa urithi. Nina swali ambalo huenda wengi wanalo. Sisi katika karakana tukitaka kutoa kutu kwenye chuma tunalowesha kwenye siki usiku kucha, au tunaweka brashi ya waya kwenye mashine ya kusaga, na kazi inakwisha kabla chai haijapoa. Kuna sababu gani ya mtu kukaa wiki tatu na kipande cha chuma kisichozidi kidole?

mjukuu_wa_kinyozi

Fundi, swali lako ndilo lililoniponza, kwa hiyo nitalijibu kwa kukiri.

Wembe wa kwanza niliupeleka kwenye mashine yenye gurudumu la kitambaa. Niliushika kwa vidole, nikaona mashavu yakianza kumeta, nikafurahi, nikaendelea. Nilipofika kwenye ncha nilihisi joto, lakini nikajiambia nimalizie. Ncha ikageuka rangi: kwanza manjano kama chai ya maziwa, kisha kahawia, kisha buluu, na yote hayo yalipita kwa muda mfupi kuliko ninavyoyasimulia. Chuma cha wembe kimepikwa na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, halafu kikapashwa tena kwa joto dogo ili kisivunjike kama kioo. Rangi ile ya manjano hutokea chuma kikifika nyuzi joto 220 au 230 za Selsiasi, na buluu hutokea karibu na 300. Kikishafika buluu, ugumu umekwenda, na makali ya sehemu hiyo hayatadumu hata unoe kwa jiwe la dhahabu. Mahali pembamba kama makali hupata moto kabla kidole kilichoshika mgongo hakijahisi chochote.

Kuhusu siki, sikatai kwamba hutoa kutu. Lakini tindikali haichagui. Ikimaliza kutu huanza kula chuma kizuri, hasa ndani ya vishimo, na wembe hutoka ukiwa na rangi ya majivu na uso wa kukwaruza. Juu ya jembe haidhuru kitu. Juu ya makali ambayo yanatakiwa yawe membamba kuliko uwezo wa jicho kuona, inadhuru.

Kwa hiyo wembe wa pili niliufanya kwa mkono. Kabla ya kuusugua niliukagua kwa lensi ya fundi saa, nikiupitisha polepole chini ya taa kutoka shinani mpaka nchani. Nilikuwa natafuta vitu vitatu: ufa, ambao hukaa kama unywele unaoanzia kwenye makali kwenda juu, na ukiwepo wembe umekwisha, vishimo vyeusi vya kutu vilivyofika kwenye makali yenyewe, kwa sababu kila kishimo kitakuwa pengo utakapoanza kunoa, na mgongo uliolika upande mmoja zaidi ya mwingine. Nilikuta vishimo vingi mgongoni na mashavuni, na viwili tu vilivyo karibu na makali, kimoja umbali wa milimita moja hivi. Nikaamua kuendelea.

Nikaulaza kwenye mafuta ya taa kwa siku mbili, nikaufuta, nikaupaka mafuta ya cherehani, kisha nikaanza na stilwaya iliyo laini kabisa, ile wanayotumia mafundi wa fanicha kabla ya kupiga vanishi. Ile ya kusugulia masufuria ni kavu na kali mno, na huacha michirizi utakayojuta baadaye. Kutu nyekundu ilitoka yote kwa siku moja. Nyeusi ilibaki.

Halafu nikachukua msasa wa maji, ule wanaotumia wapaka rangi wa magari. Niliuliza dukani namba 400, 600, 1000, 1500 na 2000 (namba ikipanda, punje huwa laini zaidi), na zote zikapatikana. Niliufunika ukingo wa makali kwa tepu ya karatasi, nikaulaza wembe juu ya ubao niliouchonga mfereji wa kukaa mgongo, ili bapa lote lilale juu ya mbao na lisipate nafasi ya kupindika. Mashavu yaliyobonyea yalinisumbua mpaka nilipopata wazo la kizibo cha chupa: ukikipasua kwa urefu, ule upande wa mviringo unaingia kwenye mbonyeo wa shavu kana kwamba vimetengenezewa pamoja. Msasa unauviringisha juu ya kizibo, unauchovya kwenye maji yenye tone la sabuni, na unasugua kwa urefu wa wembe, kutoka shinani kwenda nchani. Kamwe usivute mkono kuelekea kwenye makali, hata kama yamefunikwa na tepu. Mimi nina alama ya sentimita mbili kwenye kidole cha shahada inayonikumbusha kwamba wembe butu ni butu kwa ndevu tu.

Msasa wa kwanza ndio unaofanya kazi. Ile mingine inafuta michirizi ya ule uliotangulia. Usihamie namba 600 kabla ya kuridhika na 400, na kila unapobadilisha osha kila kitu, kwa sababu punje moja ya 400 iliyobaki juu ya ubao itachora mstari utakaouona mpaka mwisho. Nilikaa na 400 siku nne, dakika arobaini kila jioni. Siku ya tano niligundua kwamba vile vishimo vya mgongoni ni virefu kuliko nilivyodhani, na kama ningetaka kuvimaliza ningelazimika kuondoa chuma kingi. Nikaviacha. Vipo mpaka leo, kama alama za ndui usoni mwa mzee, na havinyoi wala havizuii kunyoa. Mgongo wenyewe niliugusa kwa stilwaya na mafuta tu.

Baada ya 2000 nilimalizia kwa Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, na kitambaa cha fulana kuukuu, dakika kumi kila shavu. Unaweza kuona umbo la dirisha ndani yake lakini huwezi kuhesabu nondo, na mimi hilo lilinitosha.

mwana_wa_kisauni

Ndugu yangu, nakusoma kutoka Mombasa. Mimi ninao mmoja uliokuwa wa marehemu baba mkubwa, na mpini wake una rangi ya kobe, unapitisha mwanga. Nilipoufungua, wembe ulikuwa safi upande wa ncha lakini sehemu iliyolala ndani ya mpini ilikuwa imeliwa vibaya, na kulikuwa na harufu kama ya kafuri. Niliusafisha, nikaupaka mafuta, na baada ya miezi miwili kutu imerudi palepale. Je, nilikosea wapi?

mjukuu_wa_kinyozi

Hukukosea, ndugu yangu. Mpini wako ni wa seluloidi, plastiki ya kale iliyotengenezwa kwa pamba iliyotiwa tindikali na kuchanganywa na kafuri. Ikizeeka huanza kuoza kutoka ndani na kutoa hewa yenye asidi, na hewa hiyo hula chuma kilicho karibu nayo. Ndiyo maana kutu imefuata umbo la mpini. Hakuna dawa, mpini huo utenganishe na wembe leo, na usiuhifadhi kwenye sanduku moja na nyembe nyingine. Usiupashe moto wala kuupiga tupa karibu na jiko, kwa sababu seluloidi huwaka upesi sana.

Kuufungua si kazi ngumu. Mpini umeshikwa na misumari myembamba ya shaba iliyogongwa vichwa pande zote mbili juu ya washa ndogo. Piga tupa kichwa kimoja polepole mpaka kiwe sawa na washa, kisha sukuma msumari kwa kitu chembamba. Usitie bisibisi katikati ya vipande vya mpini ukakanyua, kwani vitapasuka. Wakati wa kurudisha, unene wa msumari ni milimita 1.6 hivi, unaukata ukibakiza unaozidi kidogo kila upande, kisha unaugonga kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, mapigo mengi mepesi kuzunguka ukingo, mpaka utandae kama uyoga. Acha nafasi kiasi kwamba wembe ukifunguliwa usimame ulipouacha, usianguke kwa uzito wake.

Wangu ulikuwa na mpini wa pembe ya ng'ombe iliyoliwa na wadudu, nikauchongea mpya wa mpingo kutoka kwenye mabaki ya mchongaji mmoja. Jambo moja la tahadhari: upande wa nyuma wa mpini, katikati ya vipande viwili, huwa kuna kabari ndogo, na katika nyembe nyingi za kale kabari hiyo ni ya risasi. Usiisugue kwa msasa mkavu ukavuta vumbi lake.

Na mwenye kukuta mpini mweupe wenye mistari iliyopishana kama nyavu aelewe kwamba huenda ni pembe ya ndovu. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilipita Unguja kwenda Bombay, London na Marekani, na baadhi zikaishia kwenye mipini ya visu na nyembe. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na kuwa nazo bila kibali ni kosa Kenya na Tanzania. Usiuuze wala kuusafirisha kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori.

nesi_wa_zamu

Samahani kuingilia, lakini naona uzi umekwenda mbali bila mtu kutaja usalama. Wembe uliokuwa wa kinyozi umegusa damu za watu wengi. Tangu kampeni za kupambana na UKIMWI tumefundishwa kila mtu awe na wembe wake, na wasiwasi haukuwa VVU peke yake: virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Je, mjukuu uliusafishaje? Na je, unawanyolea wengine?

mjukuu_wa_kinyozi

Dada, nashukuru, na ulistahili kuniuliza mapema. Wembe uliokaa mkebeni miaka thelathini hauna tena virusi hai vya aina hiyo, lakini sikutegemea hilo. Niliusafisha kwa maji ya moto na sabuni, kisha nikauloweka kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika ishirini, nikaukausha na kuupaka mafuta. Nilitaka kutumia Jiki, na bahati nzuri nilijaribu kwanza kwenye ule ulioharibika: kwa robo saa ulitoka na madoa ya kahawia mapya kabisa, kwa sababu klorini hula chuma cha pua kisicho na kromiamu ya kutosha.

Simnyolei mtu mwingine. Mdogo wangu ameomba mara tatu, na nimemwambia akitaka nitamnolea wa kwake. Kuna wanaosema mtoto akililia wembe mpe, lakini mimi ninajua wa kunisaidia kumpeleka hospitali ni mimi mwenyewe.

Sasa nije kwenye kunoa, maana hapo ndipo wembe unapozaliwa upya.

Ninatumia mawe manne ya maji: namba 1000, 5000, 8000 na 12000. Mawili ya kwanza niliyapata mjini, mawili ya mwisho yaliletwa na jamaa aliyetoka Dubai, na kwa kweli jiwe la 12000 ndilo lililonigharimu kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Kabla ya yote jiwe lenyewe liwe tambarare. Chora mistari ya penseli juu yake, liweke juu ya msasa wa maji uliotandikwa kwenye kioo cha dirisha, lisugue kwa maji mpaka mistari yote ifutike. Mistari ikifutika pembeni na kubaki katikati, jiwe lina bonde. Mara ya kwanza nililiruka jambo hili, na nilinoa jioni nzima bila kuelewa kwa nini wembe unakata shinani na nchani lakini katikati unateleza.

Wembe unalazwa mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, na unasukumwa makali yakitangulia, kana kwamba unataka kuchana utando juu ya uso wa jiwe. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, makali yakiwa hewani, kisha unarudi. Ukiugeuza juu ya makali umeyaua. Kwa kuwa wembe mara nyingi ni mrefu kuliko upana wa jiwe, mkono huvuta kimshazari kidogo, ukianza na upande wa shina juu ya jiwe na kumaliza na ncha. Mgandamizo uwe mdogo mpaka unahisi maji yakiupokea wembe. Kwenye jiwe la 12000 uzito wa wembe wenyewe unatosha.

Jiwe la 1000 ndilo jiwe la hukumu. Kazi yake ni kuikutanisha miteremko miwili myembamba ya pande zote mbili mpaka iwe mstari mmoja. Nilipaka wino wa makapeni kwenye ukingo wa makali, nikapitisha mara tano kila upande, nikatazama: palipobaki wino ndipo jiwe lilikuwa haligusi. Kipimo kingine hakihitaji kununua kitu. Ushike wembe chini ya taa, makali yakikutazama usoni. Makali butu huonyesha uzi mweupe unaong'aa, kwa sababu kuna uso mdogo unaorudisha mwanga. Makali yaliyokamilika hayaonyeshi chochote, kana kwamba wembe unaishia gizani. Wangu ulikuwa na uzi mweupe kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kwa siku mbili niliutazama ukikatika vipande, kisha vipande vikawa nukta, na nukta ya mwisho ilikuwa palepale penye kile kishimo cha kutu karibu na makali. Ilinichukua pitisho nyingine kama mia moja kuimaliza.

Unywele wa mkononi ukikatwa kwa urahisi kwa urefu wote wa makali baada ya jiwe la 1000, endelea. Usipokatwa, usidanganyike kwamba 8000 itarekebisha. Mawe laini hupiga pasi nguo, hayashoni iliyopasuka.

mzee_wa_raskazone

Kijana, nimesoma yote na nimefurahi, kwa maana mimi nilinyolewa na mzee mmoja kwa wembe wa namna hiyo nikiwa mvulana. Lakini naona katika picha uliyoweka umefunga tepu ya umeme juu ya mgongo wakati wa kunoa. Wazee wetu hawakuwa na tepu, na nyembe zao zilikata. Mgongo ukilika pamoja na makali, uwiano unabaki uleule; ukiufunga tepu, makali yanalika na mgongo unabaki, na baada ya miaka pembe inaongezeka. Naomba maelezo.

mjukuu_wa_kinyozi

Shikamoo mzee. Hoja yako ni sahihi, na kwa wembe unaotumika kila siku sifungi tepu. Mgongo kulika kidogo pamoja na makali ndiyo njia aliyoikusudia mtengenezaji. Nilifunga kwenye jiwe la 1000 tu, kwa sababu siku zile mbili zilihitaji pitisho nyingi kuliko ambazo wembe hupata kwa miaka kadhaa ya matumizi, na sikutaka mgongo ubebe adhabu ya kutu ya miaka thelathini. Tepu moja ina unene wa sehemu ndogo tu ya milimita, na kwa wembe wangu inaongeza pembe kwa takriban digrii moja. Nilipohamia 5000 niliitoa, ikabidi nipitishe kwa muda mrefu mpaka pembe ya asili irudi. Kwa hiyo sikuokoa muda wowote. Nikifanya mwingine, huenda nikakufuata wewe.

Ukanda wa babu, ule wa kulainishia makali baada ya jiwe, haukufaa kitu. Fundi viatu alinikatia ngozi ya ng'ombe yenye urefu wa sentimita 45 na upana wa sita, isiyopakwa rangi, nikaigandisha juu ya ubao na upande wa pili nikaweka kanvasi. Hapa mwendo ni kinyume cha jiweni: mgongo unatangulia na makali yanafuata nyuma. Ishirini kwenye kanvasi, hamsini kwenye ngozi, kila unapotaka kunyoa. Siku ya kwanza niliusahau mwelekeo mara moja tu, na ngozi ina jeraha la kuonyesha wageni.

Kunyoa kwenyewe nilikufanya Ijumaa asubuhi. Maji ya moto, povu la kutosha, ngozi ya shavu imevutwa kwa mkono wa kushoto, wembe umeinamishwa digrii thelathini hivi kutoka usoni. Shavu la kulia lilikwenda vizuri, kwa sauti ndogo kama ya kukwangua karatasi. La kushoto nilijikata mara mbili karibu na sikio. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata; shangazi alinitazama akiwa mlangoni akausema msemo huo wote bila huruma.

fundi_tupa

Mkuu, nimekuelewa, na mashine nimeizima. Umebaki na deni moja: ule wa buluu umeutupa?

mjukuu_wa_kinyozi

Upo, fundi. Niliunoa kwa hatua zilezile ili nijue uharibifu umefika wapi. Unakata unywele wa mkononi kutoka shinani mpaka zibaki milimita tisa kufika nchani. Hapo unaanza kusita, na kwenye buluu yenyewe unateleza kama mgongo wa kijiko. Ninaweza kuukata hizo milimita tisa kwa jiwe, polepole, ndani ya maji, uwe wembe mfupi. Nimeshachora mstari kwa makapeni. Ninasubiri kwanza mkono wangu utulie.